Nyumba ndogo, watu wengi: tuseme juu ya mlango na ukuta wa ndani
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama katika mkutano wa Kasongo

Sisi ni watoto wenu, tena wengi hapa mmejenga nyumba mbele sisi hatujazaliwa. Kwa hiyo tukikosea, mzee asione haya kutusimamisha.

Komite ilituomba tuseme namna ya kupanga nyumba ndogo. Tulipokaa kutayarisha, tuliona hatuwezi kuanza na vitanda na viti. Lazima tuanze na kosa letu sisi wenyewe.

Kuna mama mmoja, mjane, wa upande wa Wamaza. Alikimbia na watoto, akakaa kwa ndugu, akarudi, akakuta parseli yake imebaki mavumbi na miti miwili ya maembe. Tulimsaidia kama tulivyosaidia wengine: mabati, misumari, pesa kidogo ya fundi. Yeye na watoto walipiga matofali mabichi. Nyumba ikasimama, mita 4 kwa mita 6. Tukapiga picha, mama amesimama mbele, bati linang'aa. Picha ile ilikwenda katika raporti. Sote tulifurahi.

Tuliporudi kisha miezi mine, tukahesabu watu wa nyumba: mama, bibi yake mzee, na watoto sita. Lakini usiku walikuwa wanalala saba. Binti mkubwa, miaka 14, alikuwa analala kwa jirani, kwa sababu ndani kulikuwa chumba kimoja tu kikubwa, kaka zake wawili wameanza kuwa vijana, na mlango wa nje ulikuwa pazia la shitingi. Mama alituambia maneno ambayo hatujayasahau: "Mulitupatia bati, lakini mlango hamukutupatia. Sasa huyu mtoto nimulalishe wapi?" Mambo mengine aliyotueleza juu ya kule kwa jirani hatutayasema hapa. Wamama mmetuelewa.

Hatukuwa na jibu. Katika proje yetu kulikuwa mstari wa mabati, mstari wa misumari, mstari wa usafiri. Mstari wa mlango haukuwepo, wala wa ukuta wa ndani. Tulifikiri mtu akiisha kupata paa, mengine atajimalizia. Wengine wanajimalizia, kweli. Mjane mwenye watoto sita na shamba ambalo halijatoa kitu, atajimalizia na nini?

Tufanye hesabu pamoja. Mita 4 kwa 6 ni mita za mraba 24. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya misaada yanafuata dunia nzima, zinasema kila mtu apate angalau mita za mraba 3 na nusu za kukaa, bila kuhesabu mahali pa kupika wala pa kuoga. Kwa watu wanane ni mita 28. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ndogo tangu siku ya kwanza, na sisi tuliosoma hesabu hizo shuleni hatukuzipiga. Fundi alipima mabati aliyopewa, akajenga nyumba inayoenea chini ya mabati. Watu hakuwahesabu.

Basi tulifanya nini? Nyumba hatukuweza kuiongeza. Tuliigawa. Na hapa njo panaanza mashauri tuliyoombwa.

Watu wengi wakitaka kugawa nyumba wanajenga ukuta wa tofali. Tofali bichi lina unene wa sentimeta 20 hivi. Kuta mbili za urefu wa mita 4 zinakula zaidi ya mita moja na nusu za mraba, yaani karibu kitanda kizima. Tulitumia fito na mianzi iliyofungwa kwa kamba, kisha ikasiribwa udongo mwembamba pande mbili. Unene wake sentimeta 8. Kwa kuta zote mbili tumepoteza nafasi ndogo tu, na mzigo juu ya sakafu ni mwepesi. Ukuta ule haufiki kwenye bati. Unaishia mita 2, juu panabaki wazi, hewa inapita na mwanga wa dirisha moja unafika chumba cha pili. Kuna mzee mmoja alituuliza, "Na siri za nyumba?" Ni kweli, sauti inapita. Tukamwambia, mzee, mbele ya hapo hata macho yalikuwa yanapita.

Vyumba viwili vya pembeni tulivipa mita 2 kamili kila kimoja, katikati ikabaki sala ya mita 1 na sentimeta 84. Kwa nini mita 2? Kwa sababu kitanda cha urefu wa mita 1 na sentimeta 90 kinaingia kwa upana, kinashika upande wa nyuma kutoka ukuta mpaka ukuta, na mbele yake panabaki mahali pa kusimama na kuvaa. Ukikosea sentimeta 15 tu, kitanda kitalala kwa urefu na chumba kimekwisha. Pimeni mbele ya kukata mti. Tumeona nyumba ambamo kitanda kilijengwa ndani na hakiwezi tena kutoka mlangoni.

Kitanda chenyewe kisiwe chini. Kiinueni mpaka sentimeta 60 hivi. Chini yake njo stoo: bidoni, sanduku la nguo, jembe, sufuria za sherehe. Kwa watoto, fundi anaweza kutengeneza kitanda cha juu na cha chini, lakini yule wa juu asikaribie bati, maana usiku wa mvua kelele na mchana joto vitamtoa. Na mbele ya kukubali kitanda cha namna hiyo, waza chandarua. Chandarua kimoja hakifuniki vitanda viwili vilivyopandana. Pigeni misumari minne ukutani na juu ya kitanda cha juu, kila kitanda na chandarua chake, asubuhi kinafungwa juu ili kisipasuke. Watoto wanaolala kwa mkeka sala nao wana haki yao: kamba mbili kutoka ukuta mpaka ukuta, chandarua kinashuka usiku na kupanda asubuhi. Malaria ya huku haichagui mwenye kitanda.

Sasa fotei. Tunawaomba msituchukie. Mtu akirudi kwake kisha miaka ya kulala kwa watu, anataka wageni waone kwamba amerudi kweli, na kitu cha kwanza anachowaza ni fotei nne na meza katikati. Tunaelewa. Lakini katika sala ya mita 1 na 84, fotei nne zikiingia watu wanatoka. Mahali pale ni pa kulala vijana wawili. Jengeni benchi ya udongo au ya tofali kando ya ukuta, upana sentimeta 45, sakafu ya juu lainisheni vizuri, juu mkeka. Inakaa watu watano na haihamishwi. Viti vya plastiki vinavyopandana vitoshe kwa wageni wengine. Na mgeni wa heshima, tangu zamani za wazee wetu wa Kasongo na Nyangwe, anapokelewa kwenye barza.

Barza tusiiache. Ongezeni paa mbele mita 1 na nusu kwa urefu wote wa nyumba ya mita 6, mmepata mita 9 za mraba za mchana: watoto wanasomea pale, mama anachambua mchele pale, mzee analala usingizi wa saa nane pale. Paa likitoka mbele linalinda pia ukuta. Tofali bichi linaogopa mvua kuliko kitu kingine, na mvua yetu inaanza mwezi wa 9 na kukaa mpaka mwezi wa 5. Pande zingine nazo paa litoke angalau sentimeta 60, na mfereji uchimbwe kuzunguka nyumba. Kama pesa ya mabati haitoshi kwa barza, majani yanafaa. Ila jiko lisikae chini ya majani yale. Jiko liwe nyumba yake, hatua kadhaa mbali. Wale wanaouza esansi kwa chupa, tunawasihi: chupa hizo zisilale ndani na watoto, hata usiku mmoja.

Juu ya bati lenyewe tuseme machache. BG 35 ni jembamba kuliko BG 28. Namba ikipanda, bati linapungua, msidanganywe sokoni. Msumari unapigwa juu ya mgongo wa wimbi, si katika bonde lake ambamo maji yanapita. Na msikubali fundi ashushe paa ili apunguze tofali. Kwa nchi ya joto kama yetu, sehemu ya juu kabisa ndani ya nyumba ifike angalau mita 2 na sentimeta 60. Paa likiwa chini, saa saba mchana mko ndani ya sufuria. Madirisha yawe mawili yanayotazamana. Kama mnaogopa wezi, yawe madogo na yapande juu karibu na paa, hewa ya moto inatoka hapo hapo. Ndani pakeni udongo mweupe, chumba kidogo kinaonekana kikubwa na taa moja inatosha.

Sakafu: udongo wa kichuguu, ushindiliwe ukiwa na unyevu kidogo, mara mbili au tatu. Simenti inafika kwetu kwa bei ya safari yake yote, kwa hiyo kama mna mfuko mmoja tu, msiutandaze katika chumba. Uwekeni chini ya ukuta upande unaopigwa na mvua. Miti inayoingia ardhini ichomwe kidogo kwa moto sehemu ya chini, mchwa wasiikaribie haraka. Magunia ya mpunga na karanga yakae juu ya uchaga, yasiguse ukuta.

Mlango tumeuacha mwisho kwa sababu njo jambo tunalotaka lisikike mbali. Kwa mama yule fundi alitengeneza mlango wa mbao na komeo ya ndani, na milango miwili myepesi ya vyumba, ya mianzi na mkeka, inayosukumwa kando badala ya kufunguka, kwa sababu mlango unaofunguka unataka nafasi yake. Kazi yote, pamoja na kuta, ilichukua siku sita, na vijana wa chama walifanya salongo siku mbili. Binti alirudi kulala kwao wiki ile ile. Bibi yake njo aliyemfuata kwa jirani, akabeba mkeka wake kichwani.

Wafadhili wetu, mabati mliyoyatoa yamefunika watu, na tunashukuru kwa moyo wote. Tunawaomba kitu kimoja. Katika bajeti inayokuja, kama pesa ni ile ile na haiongezeki, afadhali nyumba zipungue kidogo, na kila nyumba itoke na mlango unaofungwa kwa ndani na ukuta mmoja wa kugawa. Tunajua hesabu ya nyumba katika raporti itashuka. Tunajua pia ukuta wa ndani haupendezi katika picha. Sisi wenyewe tuliwatumia picha ya bati na hatukuingia ndani, kwa hiyo hatuwalaumu.

Wanachama, mbele ya kuanza kazi yoyote, hakikisheni mipaka ya parseli imeonwa na shefu na majirani, na karatasi imesainiwa. Mtu asijenge ukuta kisha akaanza kesi. Jumamosi ijayo tutakuwa kwa mwanachama mmoja hapa Kasongo, nyumba yake ni mita 4 kwa 5, watu saba. Tutafunga fito pamoja kuanzia saa mbili asubuhi. Kila mtu alete kamba, na mwenye panga kali alete panga. Wale wa Kabambare, tutafika kwenu kiangazi, mianzi ikiisha kukauka.