Kwanza Tunauliza Nani Hayuko

Maneno haya yalisemwa na katibu wa chama kimoja cha wazee katika Kaunti ya Kilifi, siku vikundi vya kujisaidia vilipokutana kupeana habari za mwezi. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.

Mwenyekiti, Mchungaji, viongozi wa vikundi, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kama mnaongoja abiria, hamjambo?

Nimeambiwa nisome habari za mwezi za chama cha wazee kwa dakika kumi. Vijana wa bodaboda wamesoma zao kwa dakika tatu wakakaa. Zile saba walizobakisha naomba tupewe sisi, maana mzee akianza tu kutoa salamu, dakika kumi zimekwisha.

Chama chetu kina watu 34 kwenye daftari, wanawake 23 na wanaume 11. Mdogo wetu ana miaka 61. Mkubwa wetu hakuna anayejua. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1957, na cha mtoto wake wa kwanza kinasema 1966. Sasa nyinyi pigeni hesabu! Siku zile karani alikuwa akimtazama mtu usoni, anaandika mwaka unaomjia. Tulicheka, lakini baadaye nitawaambia kwa nini si jambo la kucheka.

Tunakutana kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi, katika darasa la chekechea hapa kanisani. Viti ni vya watoto, kwa hivyo ukishakaa, kuinuka ni kazi ya watu wawili. Kila mtu hutoa shilingi 50: thelathini huingia kwenye sanduku, ishirini ni za chai na mahamri. Asiye nazo anakunywa chai vilevile. Tuliandika hivyo kwenye katiba ya chama, kwa sababu tuligundua watu walikuwa wakikosa mkutano kwa aibu ya shilingi hamsini.

Kazi za mwezi huu. Kina mama walisuka makuti 420. Mia tatu yameuzwa, na 120 yako bado, kwa sababu mnunuzi alitaka kuyachukua kwa mkopo. Tulimwambia wazee hawakopeshi, maana anaweza kurudi na pesa asimkute wa kumpa. Alicheka, akaenda, hajaonekana tena.

Kuku tuliwachanja kideri. Nataka kina mama wa vikundi vingine mlisikie hili, kwa sababu kila mwaka kideri kinamaliza banda zima na watu wanasema ni jicho la jirani. Chanjo ni tone moja tu kwenye jicho la kuku, na unarudia baada ya miezi mitatu au minne. Lazima ikae kwenye baridi. Yetu ilikuja ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Kuku ambaye ameshaanza kuugua haimponyi, kwa hivyo usingoje uone wa kwanza amekufa. Mkinunua pamoja itawatosha, kwa sababu chupa moja ni ya kuku wengi, na ikishafunguliwa na kuchanganywa haiwekwi ya kesho.

Presha alitupima mhudumu wa afya wa jamii, mmoja wa wale waliopewa mikoba ya vipimo mwaka 2023. Aliyefika 140 kwa 90 au zaidi aliandikiwa aende zahanati akapimwe tena. Babu mmoja alipanda juu kabisa, tukaogopa, kumbe alikuwa ametoka kubishana siasa pale njiani. Akaambiwa akae dakika tano, miguu chini, mdomo kimya. Mdomo ndio ulikuwa kazi. Alipopimwa tena ilikuwa imeshuka. Lakini tuligundua wawili waliokuwa wameacha dawa, ati wamepona. Presha ikishuka kwa sababu ya dawa, dawa ndiyo inafanya kazi. Usiiache mpaka daktari aseme.

Juu ya zile pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mwenye miaka 70 na zaidi. Wanachama wetu wanaopata ni 14. Hapo ndipo ule mwaka wa karani unapouma: kitambulisho kikikupunguzia miaka kumi, utangoja miaka kumi. Wengine shida yao ni vidole. Mtu amelima na kukuna nazi maisha yake yote, mashine inatafuta alama za kidole haizioni. Nawa vizuri, ujaribu kidole kingine, na usiondoke bila kuandikwa. Na asiyeweza kutembea aulize habari ya kuandikisha msaidizi wa kumchukulia. Msaidizi huyo mchagueni kwa makini. Mwezi huu nyanya mmoja alitueleza kwamba namba yake ya siri inajulikana na mjukuu, mwenye duka, na rafiki ya mwenye duka. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa ameisahau.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta.

Vikundi vingi mkutano unaanza kwa kuhesabu waliofika. Sisi tunaanza kwa kuuliza nani hayuko. Naita majina, na jina likikosa kuitikiwa, sote tunanyamaza mpaka mtu aseme anajua yuko wapi. Kama hakuna anayejua, watu wawili wanachaguliwa palepale, na lazima wamfikie kabla jua halijatua. Ndiyo kazi kubwa ya chama. Makuti na kuku vinatuletea pesa ya chai.

Mwezi juzi waliokosa walikuwa wanne. Mmoja alikuwa ameenda kwa bintiye Mtwapa. Mmoja goti lilikuwa limevimba. Wa tatu, waliomfuata walimkuta amekaa ndani kwa sababu leso zake zote mbili zilikuwa zimelowa mvua, na hakutaka kuja amevaa gunia. Alipelekewa leso. Haya ni mambo madogo.

Wa nne ni babu. Jina simtaji, na kijiji sitakitaja, ingawa wengine hapa mnajua na naona mmeanza kutazama chini.

Wawili wetu walifika kwake saa kumi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba upande wa ndani, mchana kweupe. Walibisha, wakajitaja majina, wakajitaja mara ya pili, ndipo akafungua. Walipomwona wakaangua kicheko, Mungu awasamehe, maana nywele zake zilikuwa nyeusi tititi. Mtu ambaye tumemjua na mvi tangu wajukuu zetu hawajazaliwa! Alikuwa amenunua rangi ya nywele dukani akajipaka mwenyewe, mpaka kwenye masikio.

Hakucheka. Akawaambia, "Mimi nataka tu waache kuniona mzee."

Kumbe mtoto wa jirani alikuwa amefariki. Siku ya matanga maneno yakaanza. Halafu vijana watatu wakamkuta kwenye njia ya kisimani, wakamwambia mvi zake zinakula watoto na siku zake zinahesabika. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita siku tisa. Maji alikuwa akichota usiku.

Ndugu zangu, hii si hadithi ya mbali. Katika kaunti yetu wazee wameuawa kwa maneno kama haya, na nyinyi mmezika baadhi yao. Mmesikia habari za Kaya Godoma kule Ganze, ambako wazee waliotishwa wamekuwa wakikimbilia na kuhifadhiwa. Nawashukuru walioweka mahali hapo. Lakini mzee kuacha mnazi alioupanda kwa mkono wake akalale ugenini, ili wengine wauangue, hiyo nayo ni namna ya kumfukia.

Na kweli mnazi ulikuwemo. Tulipouliza taratibu, tuliambiwa kuna mpwa anayetaka shamba liuzwe, na kuna mtu wa kununua ambaye tayari ametoa pesa kidogo. Hati ya shamba bado iko kwa jina la baba yake huyu babu, ambaye alikufa zamani. Mimi sisemi mpwa ndiye aliyewatuma wale vijana. Sijui, na sitasema nisilolijua. Nasema tu kwamba mara nyingi uchawi unaosemwa na shamba linalotakiwa vinakaa boma moja.

Tulifanya nini? Usiku ule hatukumwacha peke yake. Wanachama wawili walilala kwake, na watu walikuwa zamu wiki tatu. Tuna umri wa kulindwa, lakini tulilinda. Asubuhi watano tulikwenda kwa naibu wa chifu, kisha kwa chifu, kisha kituo cha polisi. Tuliandikisha, tukapewa namba ya OB, nikaiandika kwenye daftari la chama. Kina mama, mkienda kulalamika msirudi bila namba hiyo. Bila namba ni kama mlikwenda kupumzika kivulini.

Tulijifunza pia sheria kidogo. Sheria ya Uchawi, ambayo ni ya mwaka 1925, inasema ni kosa kumwita mtu mchawi huko mitaani. Mwenye neno alipeleke kwa chifu au kwa polisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na familia na serikali zimtunze. Na shamba lenye jina la marehemu haliuzwi hivi hivi. Familia inachukua barua ya chifu na cheti cha kifo, inaenda kortini kufungua urithi, jambo linatangazwa kwenye gazeti la serikali, na mwenye kupinga ana siku thelathini. Kuingilia mali ya marehemu kabla korti haijatoa idhini ni kosa. Nilipoyasoma haya mbele ya wazee wa ukoo, yule mnunuzi akakumbuka kwamba ana safari.

Aliyenishangaza ni mama wa mtoto. Tulikwenda kumpa pole, na tuliogopa kwenda. Akatoa karatasi ya hospitali, akampa mwalimu asome. Ilisema malaria kali. Akasema, "Mimi nilichelewa kumpeleka, nilikuwa sina nauli. Hilo ndilo linaloniua. Msinitafutie mtu mwingine." Hatukuwa na la kujibu. Alikuja akasema maneno hayohayo kwenye baraza la chifu, mbele ya wale vijana. Wawili waliomba radhi. Wa tatu hajaomba, na mpwa bado hasalimii.

Sasa hapa nitasema neno ambalo halitawapendeza. Tulifuatilia yale maneno yalitoka wapi. Hayakutoka kwenye pombe. Yalitoka kwenye meri-go-raundi, kwenye kikundi chenye cheti na muhuri, ambacho kimekaa humu ndani leo. Pesa zilikuwa zimeshahesabiwa, chai inangojwa, mtu mmoja akasema "macho yake mekundu yale", na mwingine akasema "hata mimi". Hakuna aliyesema amenyamazishwa na nani. Macho ya mzee yanakuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mkinibishia njooni mtazame yangu.

Ndiyo sababu nawaomba jambo. Kila kikundi kirudi na orodha ya wazee wa kijiji chake, hasa anayelala peke yake. Wasipofika kwetu kwa sababu ya mbali, basi nyinyi waulizeni kila mnapokutana: fulani yuko? Nani amemwona? Na vijana wa bodaboda, naona mmeingia ndani sasa, karibuni viti. Nawaomba siku ya mkutano mtubebee watatu wasioweza kutembea. Huyo babu pia ana safari ya kortini, na nauli ya kwenda na kurudi sanduku letu haliwezi kila mara.

Alhamisi iliyopita alikuja. Alitembea na wenzake wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, kama waziri. Nilipoita jina lake aliitikia kwa sauti mpaka watoto wa chekechea walio nje wakaitikia pia. Ile rangi imeanza kutoka. Chini nywele ni nyeupe, juu ni nyeusi. Kina mama walimwambia anyoe, amekataa. Anasema amelipia.

Mkutano wetu ujao ni Alhamisi ya kwanza, saa tatu. Atakuja mtu wa kutueleza namna ya kurekebisha miaka kwenye kitambulisho, kwa hivyo njooni na cheti cha ubatizo, karatasi ya kliniki, chochote cha zamani kilichoandikwa. Wale ambao hawajajiandikisha SHA tangu ile kadi ya NHIF iondolewe Oktoba 2024, njooni na kitambulisho na simu, mwalimu atawasaidia. Na kila mtu aje na kikombe chake. Vya kanisa vilikuwa ishirini na nne, vimebaki sita, na Mama Mchungaji ameanza kuuliza.