Kalule na Mugabi: Nani Angalishinda?

Hapa Lyulilo, hata penye soko la vyungu vya Wakisi, wapenzi wa mchezo wa ngumi hawakosi swali hili: lau Ayub Kalule na John Mugabi wangalikutana, kila mmoja katika ukamilifu wa nguvu zake, nani angalishinda? Wote wawili ni watu wa Uganda, na wote walipata ubingwa wa dunia katika uzani ule ule, kadiri ya kilo 70: Kalule mwaka 1979 huko Japani, Mugabi mwaka 1989 huko Ufaransa.

Wengi humtaja Mugabi upesi, na sababu wanayo. Kabla ya kupambana na Marvin Hagler mwaka 1986, hapana mpinzani aliyemaliza naye raundi zote. Lakini tazameni pambano lile lenyewe: alipiga kwa ukali, Hagler akavumilia, na katika raundi ya 11 Mugabi akaanguka, pumzi zimemwisha.

Kalule alikuwa mtu wa namna nyingine, mpiga kushoto, mtulivu. Ubingwa wake aliutwaa kwa pointi, baada ya raundi 15. Nitakumbushwa ya kuwa Sugar Ray Leonard alimshinda mwaka 1981 katika raundi ya 9. Ni kweli, walakini Leonard alikuwa na wepesi ambao Mugabi hakujaliwa, na mtu asiniambie ati ngumi zote ni moja.

Hatari ya Kalule ingalikuwa raundi 4 za kwanza. Akizivuka salama, mimi nampa ushindi kwa pointi, wala si nyingi.