Mzigo Usiopungua: Fundi wa Kompyuta na Amri ya Saba



Hapa Kitete twawakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba pembe za wenyewe toka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Pembe moja ikiibwa, mzigo ulipungua, na mwenyewe alijua. Programu ya kompyuta ikinakiliwa bila leseni, haipungui. Ndiyo maana fundi, aijuaye sheria kuliko sisi, husema, “Mwenyewe yake bado anayo,” na dhamiri yake hulala.

Tusimhukumu peke yake. Mara nyingi mkuu wa ofisi hununua mashine, hatoi hata senti ya leseni, kisha huagiza kazi ianze kesho. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 huzilinda programu. Je, tumwulize fundi tu, au na aliyemtuma?

Wengine hutaja umaskini, nami siudharau. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ambayo kuinakili ni halali, tena bure. Za namna hiyo zipo hata leo. Nani kati yenu, wakuu wa ofisi, amemwagiza fundi wake aziweke?