Ini la Mtoto Njiti: Kinachopita Mshipani na Kisichopita Kinywani



Hadi miaka ya 1960, mtoto aliyezaliwa na utumbo usiopitisha chakula hakuwa na matumaini makubwa. Ndipo Stanley Dudrick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walipowakuza watoto wa mbwa kwa lishe ya mshipani peke yake. Mwaka 1968 yeye na Douglas Wilmore wakachapisha habari za mtoto wa binadamu aliyekua kwa njia hiyo hiyo. Ulimwengu wa tiba ulishangilia, na ulikuwa na haki. Lakini mwaka 1971 ikatolewa taarifa ya mtoto njiti aliyelishwa hivyo, ambaye ndani ya ini lake nyongo ilikutwa imekwama na makovu yameanza kujijenga.

Kwa nini njiti hasa? Ini lake halijakomaa: hutengeneza chumvi chache za nyongo, na hata hizo huzisukuma kwa shida. Hapo tunaongeza jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili. Tunalipumzisha tumbo. Chakula kinapofika utumboni, utumbo hutoa homoni zinazoamrisha kifuko cha nyongo kujiminya. Kisipofika, amri haitolewi. Nyongo inatuama na kuwa nzito, kama maji ya mfereji ulioziba. Ukuta wa utumbo nao hudhoofika, na sumu za bakteria hupenya hadi kwenye ini. Mpira uliochomekwa mshipani ukipata maambukizi, hali inazidi kuharibika.

Kisha kuna mafuta. Mapema miaka ya 1960 Arvid Wretlind wa Sweden alifanikiwa kutengeneza mchanganyiko wa mafuta ya soya unaoweza kuingizwa kwenye damu, na kwa miongo mingi huo ndio uliotegemewa. Soya ina steroli za mimea. Mtu anayekula kwa mdomo hufyonza kiasi kidogo tu cha steroli hizo. Mtoto wa mshipani huzipokea zote, na zikirundikana huzuia seli za ini kutoa nyongo.

Kuanzia mwaka 2004, Mark Puder na Kathleen Gura wa Boston walianza kuwapa watoto walioathirika ini mafuta ya samaki badala ya soya, na wengi wao nyongo ikaanza kutiririka tena. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mafuta hayo kwa watoto ambao nyongo yao imekwama kutokana na lishe ya mshipani. Yaliidhinishwa kwa walioathirika tayari, si kwa kukinga. Tena hutolewa gramu 1 kwa kilo kwa siku, wakati soya ilizoeleka kutolewa hadi gramu 3. Je, aliyeponya ni samaki, au ni kupunguzwa kwa soya? Wataalamu bado wanavutana, na mimi nawatilia shaka wanaojibu haraka.

Lisilo na ubishi mkubwa ni hili: kadiri mtoto anavyoanza mapema kupata chakula tumboni, ndivyo siku za mshipani zinavyopungua. Mililita 10 hadi 20 za maziwa kwa kilo kwa siku, zikipitishwa kwenye mpira wa puani, hazimshibishi mtoto. Kazi yake ni kuuamsha utumbo. Dang'a ya mama ndiyo bora. Ikikosekana, maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kupashwa joto kitaalamu. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa hayo mwaka 2019. Uwekezaji wa namna hiyo ningeutanguliza kuliko mashine nyingi tunazozipigia picha siku ya uzinduzi.

Wauguzi na madaktari wa zamu, msitosheke na kipimo cha bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) ya jumla. Pimeni na ile ya moja kwa moja. Ikizidi miligramu 2 kwa desilita kwa mtoto wa mshipani, nyongo imekwama. Nanyi wazazi, manjano yatokanayo na nyongo kukwama hayatibiwi kwa kumwotesha mtoto jua. Angalieni choo chake: kikipauka kama udongo mweupe, au manjano yakipita wiki tatu kwa njiti, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.