Waungwana wa Beroya

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo wengi hulinong'ona tu: "Nitajuaje kwamba nimeokoka?"

Tumeketi karibu na vitanda vya wagonjwa, tukalisikia swali hili kwa watu walioshuhudia makanisani miaka mingi. Siku waliyompokea Bwana walilia machozi, wakaimba. Sasa mwili umechoka, usingizi hauji, wala ile furaha ya kwanza hawaisikii tena. Hapo mtu huanza kuogopa. Na majirani nao huja na yao: huyu ameota ndoto, yule asema ni lazima upate ishara fulani, mwingine ataka sadaka ya pekee ndipo akuombee. Mgonjwa akimsikiliza kila mmoja, ikifika jioni atakuwa na wokovu wa namna tatu, na amani hana.

Sisi hatudharau machozi wala furaha. Uamsho ulipoingia Kenya kutoka Rwanda mwaka 1937, watu walitubu hadharani, wakarudisha mali walizoiba. Hayo ni matunda, nasi twamshukuru Mungu. Lakini mti hausimami juu ya matunda yake.

Watazameni watu wa Beroya, ambao habari yao imo katika Matendo ya Mitume, mlango wa 17. Paulo na Sila walifika kwao baada ya kuondoshwa Thesalonike usiku kwa sababu ya ghasia. Paulo alifundisha kwamba ilimpasa Kristo kuteswa na kufufuka. Watu wa Beroya walimsikiliza kwa hamu, ila hawakuishia hapo. Siku baada ya siku walirudi kwenye Maandiko kuhakikisha kama asemayo yamo.

Fikirini kazi hiyo. Hawakuwa na Biblia ya kutia mfukoni. Maandiko yalikuwa magombo yaliyoandikwa kwa mkono na kutunzwa katika sinagogi. Aliyetaka kuhakikisha neno moja ilimpasa aende, akunjue gombo, atafute. Na waliyekuwa wakimpima ni mtume! Luka hawaiti wakaidi, awaita waungwana. Wala hatuambiwi kwamba Paulo alikasirika. Basi mhubiri anayekasirika mkimwuliza, "Imeandikwa wapi?", jihadharini naye. Nasi tunaosema nanyi redioni tupimeni vivyo hivyo.

Tumjibu nini basi yule mgonjwa? Twamfungulia waraka wa kwanza wa Yohana, 5:13. Hapo mtume aeleza sababu ya kuandika kwake: wale wanaomwamini Mwana wa Mungu wapate kujua kwamba uzima wa milele wanao. Hakuwaambia wapime joto la mioyo yao. Kisha twamsomea Waefeso 2:8-9, ambapo wokovu ni zawadi ya Mungu, wala si ujira wa kazi. Moyo wa mgonjwa hupanda na kushuka kama homa yake. Maneno yale yalikuwapo jana, na leo yapo katika ukurasa ule ule. Si karatasi inayookoa, ni Kristo. Lakini Kristo yupi? Ni yule anayeshuhudiwa humo, si wa ndoto ya jirani.

Nasi hatuna udhuru. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka ule ule akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Hata hivyo hakuiacha kazi ya kutafsiri. Tangu 1952 tunayo Biblia nzima ya Kiswahili ya Union. Ila katika nyumba nyingine hufunguliwa tu pakiwa na harusi au matanga.

Huko Beroya wengi waliamini, wakiwamo wanawake wa Kiyunani wenye cheo, na wanaume si haba. Jioni hii someni Matendo 17:1-12, kisha Isaya 53. Asiyejua kusoma amwombe mtoto wa shule amsomee, na mtoto asome polepole.