Katiba Inasema Nini Hasa Kuhusu Kaunti?

Maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha elimu ya uraia



Wananchi waliipitisha Katiba ya Kenya katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, na ikaanza kutumika Agosti 27 mwaka huo. Ina vifungu 264. Wengi wamezisikia habari zake mikutanoni, matangani na ndani ya matatu, lakini waliosoma kitabu chenyewe ni wachache. Ndiyo maana mengi yanayodaiwa kuwa yamo hayamo, na haki nyingine zilizomo hazidaiwi na mtu. Anayeumia ni mwananchi anayebisha mlango usiohusika na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Imani ya kwanza: kila jambo ni la gavana. Sivyo. Jedwali la Nne limegawa kazi. Polisi, shule za msingi na za sekondari, vyuo vikuu na hospitali kuu za rufaa za kitaifa ni za serikali ya kitaifa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, chekechea, barabara za kaunti, masoko, kilimo, huduma za maji na leseni za pombe ni za kaunti. Kwa hivyo dawa zikikosekana katika zahanati, iulizwe kaunti. Walimu wakipungua katika shule ya sekondari, iulizwe Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Chifu naye ni mtumishi wa serikali ya kitaifa.

Imani ya pili: kaunti iko chini ya serikali ya kitaifa kama mtoto kwa mzazi. Kifungu cha 6 kinasema ngazi hizi mbili ni tofauti, zinategemeana, na zinapaswa kushauriana na kushirikiana.

Imani ya tatu: kila kaunti hupewa asilimia 15 ya bajeti ya nchi. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote 47, kwa pamoja, zitapata kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa. Hicho ni kiwango cha chini. Bunge linaweza kutoa zaidi. Tena asilimia hiyo hupigwa kwa mapato ya mwaka wa karibuni ambao hesabu zake zimekaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Hesabu hizo zikichelewa, kipimo hubaki kuwa mapato ya miaka ya nyuma.

Imani ya nne: mikutano ya bajeti ni ya walioalikwa. Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge la Kaunti lifanye kazi yake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Hilo si jambo la hiari. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka wa 2013, kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Hata hivyo, kushirikishwa si kusema kila ombi litakubaliwa. Maana yake ni kwamba mwananchi apewe taarifa mapema, apate nafasi ya kusema, na maoni yake yazingatiwe.

Imani ya tano: stakabadhi za serikali ni siri. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upataji Habari ya mwaka wa 2016, ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisa anapaswa kutoa uamuzi ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Anayenyimwa anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Ombudsman.

Ndugu wananchi, kuuliza si ujinga. Anayetaka kujua gharama ya barabara ya kijijini mwake, au kwa nini kisima kilichopangwa hakijachimbwa, haombi hisani. Aandike ombi lake, atie tarehe, abaki na nakala iliyopigwa muhuri, kisha azihesabu zile siku 21.