Msongo wa Mawazo na Mwili Wetu: Dalili Ambazo Hatuzitarajii

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya familia zilizohamishwa, viongozi wa mtaa na wawakilishi wa makanisa, Kasulo, Kolwezi

Leo nimeombwa tuzungumze juu ya afya. Pengine wengine watajiuliza: shirika la amani linatafuta nini katika habari za tumbo na kichwa? Naomba mnivumilie. Kabla hatujamaliza mtaona kwamba ugonjwa usioeleweka unaweza kuleta ugomvi katika nyumba na katika avenyu nzima.

Sote tunajua njia tuliyopitia. Mwaka 2014 madini ya kobalti yalipatikana chini ya nyumba za Kasulo, na mashimo yakaanza kuchimbwa ndani ya viwanja, hata chini ya vyumba vya kulala. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba iliitoa sehemu ya mtaa kwa uchimbaji wa kampuni ya CDM. Ukuta ukajengwa, na mamia ya familia wakahama, wengine kwa fedha, wengine kwa nyumba kule Samukinda. Katika mitaa mingine ya Kolwezi pia watu wamehamishwa ili mgodi upanuke. Na kati yetu wamo waliofika hapa wakikimbia vita vya Kasai vya mwaka 2016 na 2017. Kila mmoja ana mzigo wake. Mizigo hii hatuibebi kwa akili peke yake. Mwili nao unabeba.

Mwili unafanya nini mtu anapoogopa?

Tuchukue mfano. Unatembea njiani usiku, mbwa mkali anatokea. Kabla hujafikiri neno, ubongo umekwisha kutuma amri. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Tezi hizo zinamwaga katika damu vitu viwili: adrenalini na kortisoli. Moyo unapiga mbio ili damu ifike haraka kwenye misuli. Ini linatoa sukari ili miguu ipate nguvu. Pumzi inakuwa fupi, misuli inakazana, mdomo unakauka, na tumbo linasimamisha kazi yake, kwa sababu mtu anayekimbia hana haja ya kusaga bukari. Mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mambo haya katika kitabu chake cha mwaka 1915, na hadi leo maelezo hayo yanafundishwa.

Huo ni msaada mkubwa tuliopewa na Mungu. Mbwa akiondoka, mwili unatulia. Shida inaanza pale mbwa asipoondoka. Mtu akiona alama ya rangi kwenye ukuta wa nyumba yake na hajui atahama lini, mbwa huyo analala naye chumbani. Mchimbaji akishuka shimoni kila asubuhi huku akimkumbuka mwenzake aliyefukiwa, mbwa huyo anashuka naye. Mwili unakaa tayari kukimbia miezi na miaka. Hapo ndipo dalili zinatokea mahali ambapo hatukuzitarajia.

Dalili zinazotushangaza

Wengi wetu tukisikia maneno msongo wa mawazo tunafikiri juu ya machozi, huzuni na kukosa usingizi. Ni kweli, lakini kuna mengine.

Tumbo. Mtu anaharisha au anafunga choo, anahisi kiungulia, chakula hakishuki. Anatumia dawa za minyoo mara tatu na hakuna mabadiliko.

Misuli na meno. Shingo, mabega na kiuno vinauma kama mtu aliyebeba magunia, hata siku ambayo hakufanya kazi. Wengine wanasaga meno usiku na kuamka taya likiuma.

Ngozi na nywele. Mtu anawashwa mwili mzima bila upele. Mwingine nywele zinatoka kwa wingi miezi miwili au mitatu baada ya tukio baya, wakati yeye mwenyewe anasema, "Sasa nimetulia." Ndiyo sababu wengine wanaugua baada ya kuhama, si wakati wa kuhama. Siku za hatari mwili ulijikaza. Ulipopata nafasi ya kupumua, ndipo ulipoanza kudai deni lake.

Wanawake. Hedhi inaweza kuchelewa au kusimama bila mimba. Mama anayenyonyesha anaweza kuona maziwa hayatoki vizuri. Mara nyingi maziwa yapo, lakini mwili wenye hofu unachelewa kuyaachia. Mama huyo asikimbilie kumpa mtoto mchanga uji au maji. Apewe mahali patulivu, amnyonyeshe mtoto mara kwa mara, na maziwa kwa kawaida yatarudi.

Wanaume. Hapa baba wengi hawapendi kusema. Nguvu za kiume zinaweza kupungua kwa sababu ya mawazo. Mume ananyamaza, mke anadhani kuna mwanamke mwingine, na nyumba inawaka moto. Wengine hasira inapanda haraka, au wanatafuta usingizi katika lutuku. Lutuku inampa mtu usingizi wa saa chache, kisha inamwamsha saa nane za usiku na mawazo mara mbili.

Watoto. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anapiga kelele usingizini, anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, au anarudi kuongea kama mtoto mdogo. Huyo si mkaidi, na kumpiga kunamzidishia hofu iliyomfanya akojoe.

Vidonda. Wataalamu wamepima na kuona kwamba kidonda cha mtu mwenye msongo wa muda mrefu kinachelewa kupona, kwa sababu kinga ya mwili imedhoofika. Mtu mwenye shinikizo la damu au kisukari naye anaona ugonjwa wake unapanda.

Dalili hizi si maigizo

Watu wakisikia kwamba ugonjwa unatokana na mawazo, wanasema, "Basi anajisingizia." Hapana. Maumivu ni ya kweli, ingawa chanzo chake hakionekani kwenye darubini.

Nawapa mfano wa majirani zetu. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika, wasichana watatu walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Kicheko kikaenea. Kati ya wanafunzi 159, 95 walipatwa. Walicheka, walilia, wengine walitaka kukimbia ovyo. Mwezi wa tatu shule ikafungwa, na jambo hilo likafika katika vijiji na shule nyingine. Madaktari walitafuta vijidudu na sumu katika chakula, hawakupata kitu. Walioandika habari hiyo mwaka 1963 waliona kwamba halikuwa tatizo la vijidudu, bali la hofu na mkazo ulioenea kati ya watu. Wasichana wale hawakuigiza, wala hakuna aliyewaroga.

Lakini tusiseme kila kitu ni mawazo

Hapa naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi wa Kasulo. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya katika mtaa huu. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mikojo ya wakaaji, na watoto walikuwa na nyingi kuliko watu wazima. Vumbi hilo si mawazo. Visima vyenye maji machafu si mawazo. Kwa hiyo mtu yeyote asikubali kuambiwa, "Ni stresi tu, nenda nyumbani," kabla hajapimwa.

Nendeni kituo cha afya bila kuchelewa mkiona haya: maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi, mdomo kupinda au mkono kufa ganzi upande mmoja, damu katika choo au matapishi, homa, kikohozi kinachozidi wiki mbili, hasa kwa mchimbaji anayekonda na kutoka jasho usiku, kichwa kikali na kuvimba kwa mama mjamzito. Na mtu akisema heri afe, tusimcheke wala tusimwache peke yake. Tumfikishe kwa muuguzi au daktari siku hiyo hiyo.

Mwili unaweza kuwa na vumbi na mawazo pamoja. Kutibu kimoja hakuzuii kutibu kingine.

Ugonjwa unapogeuka kuwa ugomvi

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi watu wa amani. Mtu anaumwa, anapimwa, hakuna kinachoonekana. Anarudi nyumbani na swali moja: nani amenifanyia hivi? Jibu linatafutwa karibu. Ni jirani aliyepata fedha nyingi kuliko mimi wakati wa kuhamishwa. Ni wale wageni wanaozungumza lugha nyingine. Ni mama mkwe. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, yule anayekojoa kitandani na kuongea usiku.

Katika kazi yetu tumekuta familia mbili zilizokaa ukuta kwa ukuta ambazo hazikusalimiana kwa muda mrefu. Mama wa nyumba moja alikuwa na mapigo ya moyo na ganzi ya mikono, na mtoto wa nyumba ya pili ndiye aliyelaumiwa. Muuguzi alipoeleza mbele ya wote jinsi hofu inavyofanya kazi mwilini, mama yule alilia, kisha akasema kwamba mapigo yale yalianza wiki aliyotoka katika nyumba yake ya zamani. Upatanisho haukuisha siku hiyo, lakini mtoto aliacha kutupiwa mawe.

Tukumbuke kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 nayo inamlinda. Kiongozi wa mtaa au mchungaji anayekaa kimya mtoto anapofukuzwa nyumbani, ukimya wake unasikika kama ruhusa.

Tufanye nini?

Kwanza, katika nyumba. Hofu ikipanda, kaa chini, vuta pumzi polepole ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Fanya hivyo kwa dakika tano. Pumzi ndefu inaujulisha mwili kwamba mbwa ameondoka. Kula kwa saa zinazojulikana, lala kwa saa zinazojulikana, na mtoto arudi shule na mchezo mapema iwezekanavyo, maana utaratibu wa kila siku ni dawa. Mtoto anayeogopa aambiwe ukweli kwa maneno madogo: "Tulihama. Sasa tuko hapa. Mimi niko nawe."

Pili, kati ya majirani. Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi kuketi kwenye benchi na kumsikiliza mtu mwenye mawazo mengi, kisha kumsaidia kuchagua tatizo moja la kuanza nalo. Kwa Kishona hali hiyo inaitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na kina bibi wale walipata nafuu kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Sisi hatukosi bibi wenye hekima, wala hatukosi mabenchi. Anayesikiliza asitoe siri, asihukumu, wala asimlazimishe mtu kusimulia yale ambayo hayuko tayari kuyasema.

Tatu, kwa viongozi. Kungoja bila kujua kunaumiza mwili. Kama kuna habari ya kuhama, ya malipo au ya mipaka, itolewe mapema, kwa lugha ya watu, na kwa wote siku moja. Kama bado haijulikani, semeni wazi kwamba haijulikani, na mseme ni siku gani mtarudi kutoa habari. Hiyo ni dawa isiyonunuliwa. Tena mjue kituo cha afya kilipo na jina la muuguzi wake, ili msimtume mgonjwa gizani.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kwamba pumzi ndefu itamrudishia mtu kiwanja chake. Madai ya haki yana njia yake, na mtu aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kuifuata. Lakini anayedai haki anahitaji mwili wenye nguvu na majirani anaosikilizana nao. Hivyo viwili tunaweza kuvilinda sisi wenyewe, kuanzia leo.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mtaa wetu, watu husema nini wanapoona ugonjwa usio na sababu inayoonekana?
2. Ni dalili gani kati ya hizi mmeziona kwa watoto baada ya kuhama?
3. Nani katika avenyu yetu anaaminiwa kwa kusikiliza na kutunza siri? Tunaweza kumsaidiaje?
4. Viongozi wanaweza kutoa habari kwa njia gani ili uvumi usitangulie?